Nyumbani na Ugenini: Habari za Timu ya Musoma

Mtu wa pwani akifika Makoko, pembezoni mwa mji wa Musoma, jambo la kwanza linalomshangaza ni kwamba maji hayapwi. Asubuhi ziwa liko palepale lilipokuwa jana jioni. Hakuna bamvua wala maji mafu, hakuna mchanga unaojitokeza mchana na kumezwa usiku. Wavuvi wa Nyanza hawahesabu siku zao kwa kujaa na kupwa bali kwa giza. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi unapopevuka mitumbwi hupumzika mwaloni, na vijana ambao wangekuwa ziwani hubaki nchi kavu, wakawa na nafasi ya mambo mengine. Kandanda ni mojawapo ya mambo hayo.

Makoko ina sifa nyingine ambayo wapenzi wa lugha hawana budi kuijua. Hapo ipo shule ya Kiswahili iliyoanzishwa na mapadri wa Maryknoll kutoka Marekani, ambako wageni wengi, mapadri, masista, madaktari na wanafunzi, wamejifunza kusalimu, kuuliza njia na kuomba samahani kabla ya kusambaa katika Afrika ya Mashariki. Yumkini msomaji wa Lamu au wa Unguja atatabasamu kusikia kwamba Kiswahili kinafundishwa kando ya ziwa, maili nyingi kutoka Mvita na Mji Mkongwe. Asitabasamu sana. Butiama si mbali na hapo, na kijana wa Kizanaki aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza darasa la kwanza katika shule ya Mwisenge pale Musoma mwaka 1934, ndiye aliyekuja kumfasiri Shakespeare katika *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Julius Nyerere hakukizaliwa Kiswahili. Alikiendea, kama mgeni anavyoiendea nyumba ya watu, akakaribishwa hata akawa mwenyeji.

Basi Makoko ni mahali panapojua habari za ugeni. Na neno hilo, ugeni, ndilo linalohitajika katika kuieleza historia ya timu ya mpira ya mji huo, Biashara United ya Mara. Watangazaji wa kandanda wa Kiswahili wametupa jozi ya maneno ambayo washairi hawakuitia maanani vya kutosha: nyumbani na ugenini. Kila timu hucheza nusu ya mechi zake nyumbani na nusu ugenini, na kanuni hiyo inaonekana kuwa ya haki kabisa. Ukiitazama kutoka Musoma, haki yake inapungua.

Uwanja wa nyumbani wa Biashara unaitwa Karume. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kuelezwa jina hilo ni la nani. Abeid Amani Karume alikuwa baharia kabla ya kuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar, akapita bandari nyingi za dunia. Baada ya kuuawa mwezi Aprili 1972 jina lake lilitapakaa Bara na Visiwani, likaandikwa juu ya mashule, masoko na viwanja. Kwa hiyo, kila timu ya Dar es Salaam au ya Tanga ilipokwenda kucheza na watu wa Mara, ilicheza chini ya jina la mtu wa Unguja, kando ya maji yasiyo na chumvi. Muungano una sura zake rasmi katika vitabu. Hii ni sura ndogo ambayo hakuna aliyeikusudia.

Musoma ni mji wa wastani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika manispaa yake watu 134,327. Zamani ulikuwa mji wa bandari uliotazama zaidi Kisumu na Mwanza kuliko Dar es Salaam, na mji wa kiwanda cha nguo cha Mutex. Wakazi wake ni Wakwaya, Wajita, Wakurya, Wazanaki, Wajaluo na wengine wengi, watu wa samaki, wa ng'ombe na wa litungu. Kwa miaka mingi mpira wa Kanda ya Ziwa ulikuwa mali ya Mwanza, mji wa Pamba na Toto African. Mkoa wa Mara ulitoa wachezaji, ukatoa mashabiki wa Simba na wa Yanga kama ulivyotoa kila mkoa, lakini mtu wa Musoma aliyetaka kuiona Ligi Kuu kwa macho yake alilazimika kupanda basi kupita Bunda, Lamadi na Magu, safari ya kilomita zaidi ya 200 hadi Mwanza.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 2018. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilipanuliwa ikawa ya timu 20, na Biashara United ikapanda pamoja na Coastal Union ya Tanga, KMC, JKT Tanzania, African Lyon na Alliance ya Mwanza. Hilo lilikuwa jambo la fahari, na watu wa Musoma walikuwa na haki ya kujifaharisha. Ila wakati wenyewe haukuwa wa neema. Msimu wa 2018/2019 ulianza bila mdhamini mkuu wa ligi, na timu zilizozoea kupewa chochote cha nauli zikajikuta zinajitegemea katika msimu mrefu kuliko yote iliyotangulia.

Hapa inafaa kuhesabu kidogo, ingawa si kawaida ya kurasa kama hizi. Ligi ya timu 20 ina mechi 38 kwa kila timu, na 19 kati ya hizo ni za ugenini. Kutoka Musoma hadi Dar es Salaam, kwa njia ya Mwanza, Shinyanga, Singida na Dodoma, ni zaidi ya kilomita 1,300. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara, walikokuwako Ndanda, ni nyingine zaidi ya 500. Timu ya Dar es Salaam ilikuwa na majirani wengi, hata baadhi ya mechi zake zilizoitwa za ugenini zilimalizika na mchezaji akarudi kulala kwake. Timu ya Musoma haikuwa na mechi ya ugenini ya namna hiyo hata moja. Katika jedwali la ligi hakuna safu ya kilomita. Kuna ushindi, sare, kushindwa, magoli na pointi, barabara haiandikwi.

Mwanzoni walau kulikuwa na majirani wa kadiri. Mwanza ilikuwa na Mbao na Alliance. Shinyanga ilikuwa na Stand United na Mwadui. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, walikuwako Kagera Sugar. Majirani hao wakaanza kuzimika mmoja baada ya mwingine, kama taa za dagaa kunapokucha. Stand United ikateremka mwaka 2019. Alliance na Mbao zikateremka pamoja mwaka 2020. Gwambina ya Misungwi ilipanda mwaka huohuo ikakaa msimu mmoja tu, ikateremka mwaka 2021 pamoja na Mwadui. Aghalabu habari za kuteremka kwa timu hizi huandikwa kama habari za udhaifu wa kila moja. Ukizipanga juu ya ramani utaona jambo jingine: ni timu za upande mmoja wa nchi, zilizo mbali na mahali zilipo ofisi za makampuni, runinga na mamlaka ya mpira.

Biashara ilinusurika. Ilinusurika mwaka 2019, ikanusurika tena mwaka 2020, mwaka ambao ligi ilisimama mwezi Machi kwa ajili ya maradhi ya korona na kurejea mwezi Juni, na timu tano zikashuka kwa mpigo. Sehemu ya siri ya kunusurika huko ilitoka upande wa pili wa mpaka. Kutoka Musoma hadi Sirari, kwenye mpaka wa Kenya, ni karibu mno kuliko kwenda Dodoma, seuze Dar es Salaam. Na timu ikaongozwa na makocha wa Kenya, kwanza Francis Baraza, na baada yake Patrick Odhiambo. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani haujawahi kuwa kitu kikubwa kwa Wakurya na Wajaluo, wenye jamaa pande zote mbili. Katika mpira nao haukuzuia kitu.

Msimu wa 2020/2021 ndio msimu wa Biashara. Timu iliyokuwa ikishukuru kubaki, ilimaliza ligi katika nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam peke yao. Anayeijua Ligi Kuu ya Tanzania anajua maana ya nafasi hiyo. Nafasi tatu za juu huwa kama zimekwisha kugawanywa kabla mpira haujaanza. Nafasi ya nne ndiyo ubingwa wa wanyonge. Msimu huohuo timu ilifika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani, ikacheza na Yanga mjini Tabora mwezi Juni 2021, ikafungwa goli 1 kwa 0. Msimu ulipokwisha, kwa kuwa Simba ilifanya vyema barani Afrika na kuiongezea nchi nafasi, Tanzania ilipewa timu nne badala ya mbili katika mashindano ya Afrika. Simba na Yanga zilikwenda kwenye Ligi ya Mabingwa. Azam na Biashara zikaingia Kombe la Shirikisho Afrika. Timu ya Musoma, baada ya misimu mitatu tu katika Ligi Kuu, ilikuwa inakwenda Afrika.

Kwenda Afrika! Ndivyo wanavyosema mashabiki, kana kwamba Musoma haipo Afrika. Na kwa maana fulani wana haki.

Mechi ya kwanza ilikuwa na Dikhil ya Djibouti, mwezi Septemba 2021, na Biashara ikaitoa. Mechi za nyumbani katika mashindano haya Biashara haikuzichezea uwanja wa Karume; ilizichezea Dar es Salaam. Watu wa Makoko, wa Mwisenge na wa Nyasho, walioisindikiza timu yao tangu madaraja ya chini, wakaambiwa kwamba nyumbani kwao ni kilomita 1,300 kutoka nyumbani kwao. Waliokuwa na jamaa Dar es Salaam na nauli walikwenda. Wengine walibaki na redio na runinga. Haya hayakuwapata wao peke yao: mwezi Mei 2025 Simba ilipocheza fainali ya mashindano hayohayo na RS Berkane ya Morocco, mechi yake ya nyumbani ilichezwa uwanja wa Amaan, Unguja, si Dar es Salaam. Lakini kuvuka bahari kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kazi ya saa mbili kwa boti, na Simba haikosi watu Unguja.

Katika raundi ya pili Biashara ilipangiwa Al Ahli ya Tripoli. Libya ina fedha za mafuta, na Al Ahli Tripoli ni miongoni mwa timu kubwa za nchi hiyo. Ukiweka bajeti za timu hizi mbili katika mizani, upande mmoja hautagusa chini. Mwezi Oktoba 2021, Dar es Salaam, Biashara iliifunga Al Ahli Tripoli magoli 2 kwa 0. Ushindi wa namna hiyo katika mechi ya kwanza ni mtaji mwema: hujafungwa nyumbani, na mpinzani anahitaji magoli mawili hata kufikia usawa tu.

Kilichobaki kilikuwa mechi moja ya ugenini, na timu hii haikuwa na kitu ilichokijua zaidi ya mechi za ugenini.

Mechi hiyo haikuchezwa. Timu ilibaki Dar es Salaam. Siku zilipita, maandalizi ya safari ya Libya hayakukamilika kwa wakati, na tarehe ya mechi ikafika wachezaji wakiwa bado Tanzania. Kanuni za mashindano ni wazi kwa timu isiyofika uwanjani: Al Ahli Tripoli ikapita. Ushindi wa magoli mawili ukabaki katika vitabu kama kipande cha kitambaa kizuri ambacho hakikuwahi kushonwa.

Wengi walilaumu, na kila mmoja alikuwa na wa kumlaumu. Haina faida kurudia majina. Ukweli wa mambo ni kwamba Libya ya wakati ule, baada ya miaka ya vita, haikuwa nchi ya kufikika kwa tiketi ya kawaida ya ndege. Na ndege ya kukodi, mbali na gharama yake, inahitaji ruhusa ya kila nchi ambayo anga lake litapitwa. Hayo ni mambo ya fedha na ya serikali, si mambo ya kocha na mchezaji. Hata hivyo haitakuwa haki kuupunguza ukweli wa upande wa pili. Ligi iliisha Julai. Septemba timu ilikwisha kuanza mashindano. Kila aliyehusika, kutoka klabu hadi juu, alijua kwamba Afrika ni kubwa na kwamba mpira wake unachezwa kwa ndege. Timu iliyozoea kuishinda barabara kwa uvumilivu wa vijana kulala ndani ya basi, ilikutana na safari ambayo uvumilivu haukuitoshea.

Linalouma ni lililofuata. Al Ahli Tripoli, iliyofungwa 2 kwa 0 na watu wa Musoma, iliendelea na mashindano hayo hadi nusu fainali, na mwezi Mei 2022 ikatolewa na Orlando Pirates ya Afrika Kusini kwa tofauti ya goli moja tu. Hakuna anayeweza kusema kwamba Biashara ingefika huko. Lakini lau ingecheza mechi ile ya pili na kufungwa magoli matatu au manne, mtu wa Musoma angeshika shavu siku mbili tatu kisha akasahau. Mechi isiyochezwa haisahauliki, kwa sababu kila mtu anaweza kuicheza kichwani mwake, na kichwani mwake daima anashinda.

Wakati wa kuandika habari za timu ya mji mdogo na safari yake, haiwezekani kutoikumbuka Chapecoense ya Brazili. Brazili si nchi ngeni kwa wapenda mpira wa Tanzania; mwezi Juni 2010 timu yake ya taifa ilikuja Dar es Salaam, katika maandalizi ya Kombe la Dunia, ikaifunga Taifa Stars 5 kwa 1, na goli moja la Jabir Aziz likasherehekewa kuliko matano ya wageni. Lakini Brazili inayojulikana huku ni ya Santos na Flamengo, ya miji mikubwa na ya pwani. Chapecó ni mji wa ndani, magharibi ya jimbo la Santa Catarina, zaidi ya kilomita 500 kutoka makao makuu ya jimbo yaliyo kisiwani Florianópolis. Wakazi wake walikuwa takriban 180,000 katika sensa ya 2010, na riziki yao ni viwanda vya nyama ya kuku na nguruwe kama riziki ya Musoma ilivyo samaki. Uwanja wao unaitwa Arena Condá, kwa jina la chifu wa Wakaingang, wenyeji wa asili wa nchi ile.

Chapecoense iliundwa mwaka 1973. Kwa miaka mingi ilikuwa timu ya jimbo, ikatwaa ubingwa wa Santa Catarina mwaka 1977, 1996, 2007 na 2011, na nje ya jimbo hakuna aliyeijua. Mwaka 2009 ilikuwa daraja la nne la Brazili. Mwaka 2014 ikacheza daraja la kwanza. Miaka mitano kutoka chini hadi juu! Mwaka 2016 ikafika fainali ya Copa Sudamericana, ambayo kwa Amerika ya Kusini ni mfano wa Kombe la Shirikisho kwetu. Ilifika huko kwa kuitoa San Lorenzo ya Argentina, na dakika za mwisho kabisa za nusu fainali mlinda mlango Danilo aliokoa kwa mguu mpira uliokuwa unaingia golini.

Tarehe 28 Novemba 2016, ndege iliyowabeba kwenda Medellín, Kolombia, kucheza mechi ya kwanza ya fainali, iliishiwa mafuta ikaanguka milimani karibu na mji huo. Watu 77 walikuwamo. 71 walikufa, wakiwemo wachezaji 19, kocha Caio Júnior, na waandishi wa habari wengi. Danilo alikuwa miongoni mwao. Wapinzani wao, Atlético Nacional, waliomba kombe wapewe Chapecoense, na siku chache baadaye shirikisho la Amerika ya Kusini likaitangaza kuwa bingwa. Usiku ambao fainali ingechezwa, watu wa Medellín waliujaza uwanja wao, wamevaa nyeupe na kushika mishumaa, kuwalilia wageni wasiofika.

Maafa hayalinganishwi na nauli iliyokosekana, na mtu wa Nyanza ndiye wa mwisho wa kufanya mlinganisho huo. Ziwa lake lilimeza MV Bukoba mwezi Mei 1996, likawameza wasafiri wa MV Nyerere karibu na Ukara mwezi Septemba 2018, wakati Biashara ikiwa katika wiki zake za mwanzo za Ligi Kuu. Na mwezi Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka majini hatua chache kabla ya kiwanja cha Bukoba, watu 19 wakafa. Anajua tofauti ya safari iliyoahirishwa na safari isiyorudi. Kama wachezaji wa Biashara walibaki Dar es Salaam wakiwa hai na wenye hasira, hiyo ni neema, na mama zao hawakuwa na la kusema.

Hata hivyo kuna mahali ambapo habari hizi mbili zinagusana. Zote mbili zinaonyesha kwamba timu ya mji ulio mbali hulipa kwa namna ambayo timu ya mji mkuu hailipi. Ndege iliyowabeba Chapecoense ilikuwa ya kampuni ndogo ya kukodi, iliyoondoka Bolivia na mafuta ya kufikia tu, bila akiba. Na zote mbili ziliishia katika mechi isiyochezwa: moja ikapewa kombe kwa mechi hiyo, nyingine ikapokonywa nafasi. Kanuni ni moja, kwamba asiyefika hachezi. Medellín walikuwapo watu walioona kwamba kanuni peke yake haitoshi.

Chapecoense ilijengwa upya kwa wachezaji wa kuazima. Vilabu vya Brazili vilipendekeza isiteremshwe daraja kwa miaka mitatu, ikakataa upendeleo huo. Mwaka 2017 ikatwaa tena ubingwa wa jimbo na kumaliza ya nane katika ligi ya taifa. Mwaka 2019 ikateremka kama timu nyingine yoyote, mwaka 2020 ikawa bingwa wa daraja la pili ikarudi, mwaka 2021 ikateremka tena. Kupanda na kushuka huko wenyewe wanakuona ni uhai wa kawaida.

Biashara nayo ilishuka. Msimu wa 2021/2022 ulianza na mechi ile isiyochezwa na ukaishia mwezi Juni kwa timu mbili kuteremka, Mbeya Kwanza na Biashara United. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa ya nne. Vijana waliotazamwa barani walikwisha kuanza kuondoka, kama ilivyo ada: Denis Nkane alikwenda Yanga katikati ya msimu huohuo, akawa miongoni mwa kikosi cha klabu iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Mtu wa Musoma aliyeitazama fainali hiyo kwenye runinga aliona angalau jina moja la kwake katika orodha. Mwezi Juni 2024 Biashara ilikaribia kurudi. Ikacheza mechi za mchujo na Tabora United, na Tabora ndiyo iliyobaki Ligi Kuu.

Mafanikio ya timu hii, basi, yanaingia katika mistari michache: misimu minne ya Ligi Kuu, nafasi ya nne mara moja, nusu fainali moja ya kombe la nyumbani, timu moja ya Djibouti iliyotolewa, na magoli mawili dhidi ya timu ya Libya iliyokuja kufika nusu fainali ya Afrika. Kabati la vikombe halihitaji kupanuliwa. Ila magoli mawili yale yalifungwa kwa haki, uwanjani, mbele ya mwamuzi. Yalifungwa nyumbani, yaani Dar es Salaam. Na kule Makoko, ambako ndiko nyumbani hasa, yalisikika redioni.